Taa ya Dola

Harufu ndiyo iliyompokea Apollinarie mlangoni mwa wodi, kabla hajaona kitanda wala mgonjwa. Haikuwa harufu ya moto. Katika miaka yake ya upelelezi alikuwa amenusa nyumba zilizochomwa pamoja na waliokuwa ndani yake, na pua yake ilishazoea hayo. Hii ilikuwa harufu ya sabuni mbichi, ile ya mawese inayopikwa uani kwenye pipa, na chini yake kulikuwa na kitu kitamu kinachoanza kuoza. Mate machungu yakamjaa kinywani. Akayameza, akaingia.

Bella alikuwa amelala kifudifudi, uso kaugeuzia ukutani. Alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, yatima, aliyelelewa na shangazi yake mtaani Mulongwe, na mahari yake ilikuwa imekwisha kupokelewa. Bega lake la kushoto lilikuwa wazi. Mahali pa ukubwa wa kiganja, ngozi ilikuwa imegeuka kijivu chenye utelezi wa bamia, na kila alipovuta pumzi kijivu kile kilicheza. Nzi walikuwa wamekwisha kupata habari.

Shangazi mwenyewe, Nicole, alisimama upande wa kichwani, mama mnene mwenye sauti ya kanisani, mikono kaificha ndani ya kitenge. Hakungoja kuulizwa. Alieleza kwamba kuna kijana mmoja mhuni anaitwa Pitchou, anayechora watu tatuu zisizoonekana; kwamba Pitchou alimdanganya mtoto wake akamchora begani kwa siri; kwamba wino ule wa kishetani ulipopigwa na jua uliwaka wenyewe ukamla nyama. Vijana wa mtaa walikuwa wamemkamata Pitchou kwenye barabara ya Makobola, wakamtwanga barabara, wakamfikisha polisi. Sasa Nicole alitaka mambo mawili tu. Pitchou apelekwe kwa mwendesha mashtaka leo hii, naye aruhusiwe kumwondoa mtoto hospitalini. Gari la wakwe lilikuwa njiani kutoka Luberizi. Bella angeuguzwa hukohuko kwa mchumba wake Evariste, na harusi ingefuata.

Apollinarie alisikiliza bila kupepesa macho. Yeye alikuwa OPJ, ofisa wa polisi mwenye kazi ya kuchunguza makosa, na alijua vizuri gari la wakwe lina maana gani. Bella akishapanda gari lile, amekwisha. Huko kwenye mashamba ya mpunga hakuna ambaye angemsafisha kidonda kile kila siku, wala ambaye angesikia neno lake. Na daktari hawezi kumzuia mgonjwa ambaye ukoo wake unamtaka, mpaka polisi waje na jina la mkosaji, alilolitaja mgonjwa mwenyewe.

Akainama sikioni mwa msichana, akamuuliza ni nani aliyemfanya vile.

"Hakuna muntu," Bella alisema, na macho akayafumba.

Muuguzi Noella alikuwa bombani nje, anasugua mikono kwa hasira. Apollinarie alipomwuliza kuhusu wino unaowaka juani, Noella alicheka kwa pua.

"Ile haiko wino, mama. Ile ni sude. Bamama ba sabuni banatufikiaka hapa na vidole vya vile. Lakini mugongo? Mugongo sijaona."

Sude ni ile soda kali ya vipande vyeupe inayotiwa kwenye mawese ili yageuke sabuni. Ikigusa nyama inaigeuza sabuni vilevile, polepole, haiachi mpaka ishibe. Noella aliendelea kueleza aliyoyakuta siku ya kwanza. Michirizi ya sude ilikuwa imeelekea shingoni, si kiunoni, kwa hiyo Bella aliinamishwa kichwa chini. Na kuzunguka kidonda, ngozi ilikuwa imepakwa mawese kwa pete nzuri kabisa, ili sude isivuke mpaka. Aliyemmwagia alikuwa amepima. Alikuwa hata na huruma yake.

Huruma ile ndiyo iliyomchefua Apollinarie. Mtu mwenye hasira anamwaga na kukimbia. Huyu alichukua muda wake akachora mpaka, kama anapaka mafuta bati la kuokea mkate.

Noella alikuwa bado na lake. Pembeni mwa kidonda alikuta pia unga wa njano, wa tetra, vile vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa kila kibanda. Alilalamika kwamba watu wa mji huu hawajifunzi. Mtu akikwaruzwa kidogo tu anafungua kidonge, anamwaga unga kwenye jeraha, anajiona daktari. Bella naye alikuwa amekwaruzwa na tole, bati la mlango wa choo, wiki iliyopita, jirani mmoja alimwambia. Apollinarie aliitikia kwa kichwa, akaondoka. Akili yake ilikuwa imekwisha kumtangulia kwa Pitchou.

Kijana alikuwa amekaa kwenye pembe ya chumba cha mahabusu, jicho moja limefumba kwa uvimbe, midomo miwili mahali pa mmoja. Lakini alipoulizwa kuhusu kazi yake alijiweka sawa, kwa maana mfanyabiashara ni mfanyabiashara hata akipigwa. Alieleza kwamba wino wake hauonekani mchana. Unaonekana tu chini ya taa ya urujuanimno, ile ya rangi ya bluu ya kumbi za sherehe. Faida zake akazimwaga kama yuko sokoni. Mchungaji haoni. Bosi haoni. Mama mkwe haoni. Na askari wa vizuizini hawaoni, jambo ambalo si dogo, kwani kijana mwenye mchoro mkononi akishuka kutoka milimani huulizwa ni alama ya kundi gani la wapiganaji, na jibu likichelewa anapata kichapo.

"Na ubaya wake?" Apollinarie aliuliza.

Pitchou alisita, kisha akakunja mkono wa shati. Mkono ulikuwa na samaki, mukeke mkubwa wa ziwani, ila mchana ule samaki alionekana kwa vidole tu: mistari ya vipele vilivyovimba, vingine vyenye majimaji, vingine vimekauka na kubanduka maganda. Alikiri kwamba juani inawasha mpaka mtu anatamani kujichuna. Alikiri kwamba chupa inakuja bila karatasi, na yeye hajui ndani mna nini, wala daktari hajui. Baada ya miaka michache mng'aro unaisha, linabaki kovu. Sindano je? Sindano anazichemsha, alisema, akatazama chini, na Apollinarie akajua kwamba hachemshi kitu.

"Ubaya mukubwa ni taa," Pitchou alisema. "Zamani ilikuwa mu boîte ya kucheza muziki tu. Sasa kila muntu wa kuvunja dola iko nayo ku meza, ya kuonea noti ya bandia."

Hapo akatoa kisa ambacho mji wote ulikijua isipokuwa polisi. Harusi moja ya mtaa wa Kimanga, mpiga muziki alipowasha taa za bluu, mgongo wa bibi harusi uling'aa jina la mwanamume ambaye hakuwa bwana harusi. Wakwe walisimama palepale wakadai ng'ombe wao. Aliyelichora jina lile ni Pitchou. Tangu siku ile, alisema, kuna watu wanamtafuta.

"Na Bella?"

"Simujue, mama. Nakuapia. Na tena minye niko na bleu na vert, basi. Ile yangu inaenda na sindano, muguse na kidole utasikia mistari. Haiko kitu ya kumwaga."

Apollinarie alimwamini, na hilo halikumfanya ampende. Kijana aliyekuwa anatia uchafu usiojulikana chini ya ngozi za watoto wa watu hakuwa malaika. Ila sude haikuwa yake. Alinawa mikono kwa sabuni mara mbili kabla ya kwenda sokoni kuzitazama zile taa.

Damien mvunja dola, mbadilishaji wa fedha, alikuwa na meza karibu na meza ya Nicole, chini ya mwavuli, noti zake zimefungwa kwa mipira. Taa ilikuwa pembeni, ndogo, ya kushikwa mkononi. Apollinarie alimuuliza kama aliwahi kumwazima mtu. Damien akajitia hamnazo. Taa yake haijawahi kuondoka mezani, alisema, na siku ikiondoka yeye anakula nini?

Apollinarie aliichukua, akaigeuza, akainusa kama anayenusa samaki. Mshikio ulikuwa unateleza. Mafuta mekundu yalikuwa yameingia kwenye mifereji ya kitufe, na yalinuka mawese. Alimwonyesha Damien kidole chake chekundu, akangoja. Watu wa dola wanajua kuhesabu hasara zao haraka, na Damien alizihesabu.

Alisema wanaoazima ni wengi, na wote ni watu wazuri. Tangu ile harusi ya Kimanga, akina mama huja wiki ya mahari, wanachukua taa, wanamwingiza binti chumbani, wanafunga dirisha, wanammulika toka kisogoni hadi nyayoni. Wakwe nao wameanza kudai hivyo.

"Banapima bibi sawa vile tunapima dola," Damien alisema, na akacheka. "Kama iko ya bandia banarudisha."

Apollinarie alimtazama mpaka kicheko kikamkauka kooni. Akamuuliza jambo moja tu, nani aliirudisha taa ikiwa na mafuta. Damien akasema ni jirani yake, Mama Nicole wa sabuni. Taa ikaingia mfukoni mwa OPJ, na Damien hakuthubutu kuuliza itarudi lini.

Alimtuma askari akamwite Nicole ofisini. Njiani alipita kwenye kibanda cha dawa akataka dawa ya kichwa. Wakati muuzaji anatafuta, macho ya Apollinarie yaliangukia karatasi ya vidonge vyekundu upande mmoja na njano upande wa pili, akaikumbuka hasira ya Noella. Bado hakuwa na sababu. Alinunua kidonge kimoja kwa sababu mpelelezi asiyejua bado ni wapi panapouma hugusa kila mahali.

Nicole alifika na mikono ileile ndani ya kitenge. Apollinarie hakugusia sude kabisa. Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: alimshukuru kwa kuwa raia mwema, akasema Pitchou sasa yuko taabani, limebaki jambo dogo la kumkandamiza nalo. Anahitaji sura ya ile tatuu. Ilikuwa kubwa kiasi gani, na ya rangi gani?

"Njano," Nicole alisema papo hapo. "Njano sawa kiini ya yai. Ilikuwa ndefu sawa kidole, ku bega."

"Uliona na macho yako?"

"Na macho yangu."

"Mchana?"

Nicole alivuta kitenge, akaizamisha mikono ndani zaidi. Nje pikipiki zilipita zikipiga honi. Apollinarie aliiweka taa ya Damien mezani baina yao, kwa upole, akamwomba aonyeshe mikono.

Ilichukua muda. Kitenge kilipofunguka, ncha za vidole vya mkono wa kulia zilikuwa nyeupe, zinabanduka kama maganda ya viazi vilivyochemshwa, na chini yake nyama mbichi ikitazama. Nicole aliitazama mikono yake kwa mshangao, kama ni ya mtu aliyeketi kando yake.

Kisha akasema, na hakulia. Alisema watu wa Luberizi walikwisha kutoa taarifa kwamba watakuja na taa yao. Alisema aibu ile ya Kimanga ingemwua. Alimmulika mtoto kwenye chumba cha kupikia sabuni, na mtoto akang'aa begani. Bella aliapa hajui kitu. Nicole akamwambia basi ni mtu aliyemwekea alama usingizini, kwa uchawi, na alama ya uchawi haiondoki kwa maji.

"Alikubali yeye mwenyewe," Nicole alisema. "Akapiga magoti, akakamata beseni na mikono mbili. Minye sikumufunga. Nilimuambia, vumilia, itauma mara moja. Ni mutoto wangu, mama. Nilimusaidia."

Apollinarie aliandika, kisha kalamu ikasimama. Neno moja lilikuwa limemkwama, nalo halikuwa magoti wala beseni. Lilikuwa njano. Pitchou ana bluu na kijani, na mchoro wa sindano una mistari ambayo kidole kinaisikia. Nicole hakuzungumzia mistari. Alizungumzia kidole kimoja cha njano, mahali ambapo tole lilimkwaruza Bella wiki iliyopita.

Alifunga dirisha. Akaweka karatasi mezani, akatoa kidonge mfukoni, akakipasua kwa kucha, unga ukamwagika kidogo, wa njano ya kufifia isiyotisha mtu. Chumba hakikuwa na giza la kutosha. Alimwomba Nicole kitenge chake, akakitandaza juu ya vichwa vyao wote wawili, mwenye kosa na mpelelezi, wakainama pamoja juu ya meza kama wanaojifukiza mafua. Ndani mlinuka jasho na sabuni. Akawasha taa.

Unga uliwaka. Uliwaka njano kali, njano ya kiini cha yai.

"Njo ile?" Apollinarie aliuliza gizani.

Nicole alisogeza uso karibu zaidi. Pumzi yake ilisikika.

"Hii ni tetra, mama Nicole. Dawa ya kidonda. Alikwaruzwa na mulango wa choo, akamwaga tetra. Hakukuwa tatuu. Hakukuwa uchawi. Ulimuunguza juu ya dawa."

Kitenge kiliteleza kikaanguka sakafuni, na mwanga ukarudi. Apollinarie alingoja. Alikuwa ameona watu wengi wakifikishwa mahali pale. Wengine huanguka chini, wengine humlilia Mungu, wengine hugeuka wakali. Nicole alikaa kitako, akatafakari, na polepole uso wake ukakunjuka. Ulikuwa uso wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kumbe iko safi," alisema. "Basi ile gari isirudi bule. Mubaambie bantu ba Luberizi, mutoto iko safi. Hakukuwa kitu."

Apollinarie alikwenda dirishani, akalifungua, akatema mate nje, na tena. Hakujali nani alikuwa anapita. Katika kazi yake alikuwa ameshika maiti kwa mikono mitupu, lakini hakuwa amewahi kuchukizwa na mtu aliye hai kama alivyochukizwa na mama yule anayeokota kitenge chake, anakikung'uta vumbi, anakifunga upya kiunoni.

Alimweka chini ya ulinzi. Nicole alikubali kukaa lakini akakataa kutia kidole kwenye maelezo. Alisema kwa utulivu kwamba hayo ni mambo ya ukoo, wazee wa pande mbili watakutana jioni, watayamaliza kwa amani. Na Apollinarie alijua kuwa anasema kweli. Ndivyo yanavyokwisha. Wakwe wangekuja na kreti za bia, mkubwa wa Apollinarie angepigiwa simu, naye Nicole angetoka ili apike chakula cha wageni. Damien angeapa kwamba hajui taa wala mafuta. Bila neno la Bella, yote aliyoyapata tangu asubuhi yalikuwa maneno ya chumbani.

Alipofika hospitalini gari lilikuwa limekwisha kuegeshwa kwenye lango, godoro limetandikwa nyuma. Wanaume wawili wa Luberizi walikuwa wanakunywa fanta kivulini. Walimwamkia kwa heshima, akapita.

Bella hakuwa amegeuka. Apollinarie aliwafukuza nzi kwa faili lake, akavuta kiti upande wa ukutani ili auone uso wake. Hakumuuliza tena ni nani. Alimweleza tu, taratibu, kwa maneno mafupi, kuhusu tole, na unga wa tetra, na taa, na jinsi unga ule unavyong'aa wenyewe, juu ya karatasi, juu ya meza, juu ya ngozi ya yeyote.

Machozi yalimtoka msichana, yakapita juu ya pua, yakaingia kwenye shuka.

"Kwa hiyo sikukuwa na kitu."

"Hukukuwa na kitu, mutoto wangu."

"Hakuna muntu aliniwekea alama."

"Hakuna."

Bella alilipokea hilo polepole, kama anayejaribu kumeza dawa chungu bila maji. Siku zote hizi alikuwa amelala akidhani kwamba yale maumivu yalikuwa yanatoa kitu ndani yake. Alikuwa ameyavumilia kwa shukrani. Apollinarie aliliona hilo likimwondoka usoni, na chini yake hakukuwa na kitu cha kuliziba.

"Shangazi anajua?" Bella aliuliza.

"Anajua. Nilimuonyesha."

"Alisema nini?"

Apollinarie angeweza kudanganya. Mtu mwenye moyo laini angedanganya. Lakini nje watu wa gari walikuwa wamemaliza fanta zao, na mmoja alikuwa tayari anauliza mlango wa wodi uko wapi.

"Alisema kumbe uko safi. Gari isirudi bule."

Bella hakulia zaidi. Alitazama ukuta uliokuwa umebanduka rangi, kisha akausogeza mkono wake wa kulia, ule mzima, akaegemea kiwiko, akainua kichwa. Kidonda kilivutika, na uso wake wote ukajikunja. Nyayo za wanaume zilisikika koridoni. Yeye hakugeuka kuzitazama.

"Mama, andika," alisema. "Andika mbele bafike. Jina yake ni Nicole. Ni ndugu ya baba yangu."